Picha Iliyomdanganya Kaka

Jumapili, Agosti 2017. Karambi, juu kidogo ya Bwera, magharibi mwa Uganda.

Tangu asubuhi mawingu yameukalia mlima, na mvua haijaamua kama inanyesha au inaacha. Sikwenda kanisani. Nimebaki na Mama, na sasa amelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Moyo wangu ni mzito. Nisipoandika nitamgombeza mtu ambaye hana kosa.

Wiki mbili zilizopita nilipiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Wanaosoma shajara yangu hapa mtandaoni wanajua kazi yangu iko Mweya, kwenye nyumba ya wageni. Meneja alinipa jukumu la kupiga picha za vyumba kwa simu, za kuweka mtandaoni. Mwanzoni nilikuwa bure kabisa. Kitanda kilitoka kimepinda, dirisha limewaka jeupe, ukuta mweusi. Nikajifunza polepole. Kwanza futa kioo cha kamera, maana kimejaa mafuta ya vidole. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu yako. Zima flashi. Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, simu itapima mwanga wa pale. Na kubwa kuliko yote, angalia mwanga unatoka wapi kabla hujaangalia kitu chenyewe. Mwanga laini ukikipiga chumba kwa mbele, hata chumba kidogo chenye rangi inayobanduka kinapendeza.

Wageni wakifika hushangaa kidogo. Hakuna aliyewahi kuniita mwongo, lakini nimeona wanavyokitazama chumba, halafu simu zao, halafu chumba tena.

Mama ana uvimbe tumboni. Daktari alituambia wote wawili, mimi na yeye, kwa sauti ya upole, tusiingoje Krismasi. Mama akamshukuru kana kwamba amepewa dawa. Njiani kurudi alinikataza kumweleza kaka yangu Mumbere. Nilimkatalia. Mumbere ni mtoto wake wa kwanza, yuko Nakuru, kwa ndugu za marehemu baba yetu, ambaye alikuwa Mkenya aliyekuja huku kwenye kazi ya saruji. Kwa sababu yake Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, na ndiyo maana naandika shajara hii hivi.

Nikampigia Mumbere. Nililia kwenye simu, nikamwambia kila kitu.

Jioni ileile Mama akaniita. Alitaka apigwe picha, itumwe Nakuru, mtoto atulie. Kwetu picha ina heshima yake. Mtu anaoga, anajipaka mafuta mpaka uso ung'ae, anavaa nguo ya kanisani, ndipo anakaa mbele ya kamera. Mgonjwa hapigwi kabisa. Ni aibu kwake, na ni aibu zaidi kwa anayempiga.

Kwa hiyo nilimwogesha. Nikampaka mafuta. Akavaa gomesi yake ya bluu, ambayo mabega yake yamesimama yenyewe na kitambaa chake ni kingi, na mwili wote uliopungua ukapotea mle ndani. Nikamweka kwenye kiti mlangoni, uso ukitazama nje, nikasimama uani. Mwanga wa jioni ulikuwa laini, ukamfunika uso mzima, mashimo ya mashavu yakajaa. Niligusa uso wake kwenye skrini. Akatabasamu kidogo tu, kwa kiburi chake.

Niliipenda ile picha, nikamtumia Mumbere. Nakiri hata niliiweka kwenye ukurasa wangu, na watu wakaandika, Mama amependeza, Mama amekuwa msichana tena. Nikafurahi kama mjinga.

Mumbere alituma ujumbe wa sauti. "Masika, acha kunitisha bwana. Si Mama ndiye huyu namwona hapa? Amenona kutushinda sote! Krismasi nakuja, mnitafutie mbuzi."

Nilimpigia tena. Nilimpigia mara nyingi. Kila mara ananibembeleza, eti mimi tangu utotoni naogopa mapema, eti madaktari wanapenda kutisha watu. Ameiweka ile picha kuwa picha ya akaunti yake ya ujumbe, basi kila nikimtumia ujumbe kumweleza kwamba Mama hali tena ugali, Mama mwenyewe yuko pale juu ya skrini, anang'aa, ananikanusha.

Sikuwa nimejua kwamba mkono wangu unaweza kuushinda mdomo wangu.

Ningeweza kumpiga Mama picha akiwa usingizini na kutuma. Wazo hilo lilinijia Ijumaa, na simu nilikuwa nayo mkononi. Sikuweza. Angeamka na kujua, na yale machache yaliyobaki kati yetu ningekuwa nimeyachafua.

Leo asubuhi nilimweleza. Nilimchezea ule ujumbe wa sauti ausikie mwenyewe. Alipofika kwenye mbuzi alicheka, halafu kicheko kikamgeuka maumivu, akashika tumbo. Nikangoja. Mvua ilianza na kuacha tena.

"Mumbere anaamini picha," akasema. "Basi umupe picha."

Nikainuka kwenda kuweka maji jikoni. Akanizuia kwa mkono.

"Hapana maji. Hapana mafuta. Piga mutu mwenye iko hapa."

Akafungua kitambaa cha kichwani mwenyewe. Nywele zake zimekuwa chache na nyeupe. Akavua sweta pia, akabaki na gauni la kulalia, na mifupa ya mabega ikaonekana yote. Sijawahi kumwona Mama akikaa hivyo mbele ya mtu yeyote, sembuse mbele ya kamera. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, kama mtu anayeapa mahakamani.

Nilijua la kufanya, na nilichukia kwamba najua. Nilifunga mlango, nikaacha dirisha moja tu wazi, mwanga umpige kwa ubavu. Mwanga wa ubavu hausamehe kitu. Kila shimo la uso likapata kivuli chake. Nilifuta kioo cha kamera. Nilisogea kwa miguu, karibu, karibu zaidi, mpaka nikasikia pumzi yake. Nikagusa jicho lake kwenye skrini. Nikaegemeza mikono kwenye mgongo wa kiti. Nikapiga.

Aliomba aione. Aliitazama muda mrefu, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo," akasema. "Tuma."

Nilituma. Sikuandika neno chini yake. Zile alama mbili zikageuka bluu papo hapo, halafu hakuna kilichokuja. Nilikaa nikiitazama simu. Mama hakuitazama, alikuwa amerudi kitandani na kugeukia ukuta.

Kisha simu ikalia. Sikusikia maneno, nilisikia mtu mzima, baba wa watoto watatu, akilia mpaka anakosa hewa. Nikaweka simu sikioni mwa Mama.

"Usilie, mutoto yangu," akamwambia. "Uko mukubwa. Kuja tu."

Alimwambia hivyo mara kadhaa, kuja tu, kuja tu, mpaka nguvu zikamwisha, nikaichukua simu. Mumbere anapanda basi leo jioni. Ni safari ndefu, kuna mpaka wa kuvuka, kuna Kampala ya kupita na kutafuta basi lingine la kuja Kasese. Hakuniuliza kwa nini nilimtumia ile picha ya kwanza. Heri angeniuliza.

Ile picha ya gomesi nimeiondoa kwenye ukurasa wangu. Hii ya leo sitamwonyesha mtu mwingine. Nimejiuliza mchana kutwa ni ipi iliyo nzuri, na nadhani swali lenyewe ni la mtu mwenye mama mzima.

Mama anapumua kwa shida sasa, kwa vipande. Namsikia kutoka hapa nilipokaa.

Mungu, mfikishe Mumbere wakati Mama bado anaweza kumwita jina.