Kurasa za Mwisho Niliziandika Mimi

Majengo, Nyeri

Mama yangu mpendwa,

Hujambo, Mama? Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na mahindi mliyopalilia yamefika wapi? Sisi huku tu wazima, ila baridi inatutafuna. Mkwe wako bado anafundisha, na bado analalamika kwamba ugali wa Nyeri hauna nguvu. Watoto wanaongea Kikuyu kunishinda, wananisengenya mbele ya macho yangu. Tangu vyama vingi vije, kila kinyozi wa mtaa huu amekuwa mwanasiasa.

Mama, wiki ya tatu hii moyo wangu haujatulia. Nimefanya kosa, na sijui hata kama kosa la namna hii lina jina.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza kwamba vitabu havitanipikia. Basi huku vilinipikia. Kuna mapota Naro Moru, wale wanaobebea wazungu mizigo ya kupanda mlima. Mzungu akimaliza kitabu hukiacha hukohuko juu, na pota mmoja akawa ananiletea. Vitabu vinene vya Kiingereza, vingine vimevimba kwa unyevu. Nikabuni ujanja. Kila kitabu nakikata vipande vinne, navishona kwa uzi wa gunia, nakodisha kipande kimoja kimoja, ili watu wanne wasome kitabu kimoja kwa pamoja. Mkwe wako alipoona kisu kwenye kitabu alipiga kelele utadhani nachinja mtoto. Lakini kibanda changu cha vitabu kilijaa, na wateja wakawa wanagombana mlangoni: "Nani ako na kipande ya tatu? Mwambie aharakishe, bwana!"

Halafu kikaja kitabu kisicho na mwisho. Pota alikuwa amewashia moto kurasa za mwisho ili achemshe chai, na simlaumu, huko juu maji yanaganda. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyemkimbia mume kwa sababu ya kipigo. Ilikatikia pale mume anapobisha mlango, kofia mkononi. Wateja wakanikaba koo. Nikaketi nikaandika mwisho mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikampelekea mpiga taipu karibu na soko. Niliwadanganya wateja kwamba kurasa zenyewe zilichakaa, nimezipigisha taipu upya. Nilimfungulia mlango yule mume. Nilimliza. Nikaandika kwamba hakuinua mkono tena mpaka kufa kwake, kwa maana nilitaka wateja wafurahi. Walifurahi kweli, na kichwa changu kikavimba.

Miongoni mwao alikuwa binti mmoja anaitwa Wangari. Kwao ni Naro Moru, ameolewa Othaya. Alikuwa amemkimbia mumewe kwa kipigo vilevile, amepanga chumba mlango wa tatu kutoka kwangu, anasuka watu nywele. Alikodi kipande cha nne akakaa nacho wiki nzima. Siku aliyonirudishia alifunga virago akarudi Othaya. Nilidhani wamepatana. Nilimpungia mkono, Mama, nikicheka.

Haukupita mwezi nikasikia yuko hospitali. Nilikwenda kumwona. Mkono umevunjika, jicho limefumba, meno mawili hayapo. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia arudi.

"Si ni ile kitabu," akasema. "Kama huyo wa kitabu alibadilika, nikaona ati hata wangu anaweza badilika."

Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini nilimwambia: "Wangari, ile mwisho ni mimi niliandika. Kwa kitabu haikuwa."

Aliniangalia kwa lile jicho moja. Nilitamani anitukane, hata anitemee mate. Akasema tu, "Kwa hivyo hakuna mahali alibadilika."

Na tukiwa hapo mumewe akaingia na chupa ya uji. Akapiga magoti kando ya kitanda akalia, machozi ya kweli, vilevile nilivyomliza yule wa kwenye karatasi. Nilitoka nje mbio. Mpaka leo nikikumbuka machozi yale ninaogopa, maana niliyaandika kabla sijayaona.

Kile kitabu nimekiondoa, na wateja nimewaambia ukweli mmoja mmoja. Wengine wamenicheka, wengine hawanisalimu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Daktari alisema Wangari atatoka Alhamisi, na mumewe akaapa kuja kumchukua. Kaka zake Wangari nao wakasema arudi kwake, mbuzi wa mahari walishaliwa. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Nilipomuuliza mimi, alisema, "Mahali hanijui mtu." Mkwe wako, ambaye kwa kawaida hutoa maneno kama mtu anayetoa nauli, akasema kuomba msamaha peke yake hakutoshi. Alhamisi alfajiri tukawahi sisi kumtoa hospitali, kabla mumewe hajafika.

Nisalimie Kaka na mkewe, Shangazi wa duka, na Mjomba fundi wa baiskeli, mwambie ile kengele aliyompa mwanangu imetunyima usingizi. Msalimie na jirani yetu mkunga.

Mama, najua barua zangu za lugha yetu husomwa na mke wa Kaka. Hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu nimemwomba aliyeileta akusomee yeye, mpaka mwisho, bila kuruka neno hata likimchoma. Ndiye Wangari. Kitanda cha marehemu Baba kiko tupu. Mwambie sasa aweke karatasi chini ale, maana ameishika kwa mkono mmoja.

Mwanao niliyekosa,
Nekesa