Gia Uliyoiacha Imeingia

Mutisya rafiki yangu,

Nimeitoa injini yako. Nimeitoa pamoja na giaboksi, nikazifungua zote mbili mpaka nati ya mwisho, na sasa zinatembea ndani ya gari lingine. Nimeona heri uyasikie haya kwangu mimi Kioko, niliyegawana nawe gereji moja na sufuria moja ya chai miaka yote ile. Sijui huko uliko mtu husikia vipi. Ndiyo maana nimeandika.

Tangu tukuzike, Landrova yako ilikaa nyuma ya gereji, palepale trekta ilipoiacha baada ya kuivuta kutoka mtoni. Niliifunika turubai. Upepo ukiinua ile turubai, mchana kweupe, soko limejaa watu, nilikuwa naona bega lako dirishani. Nikikaza macho, ni kiti tu. Wateja waliniuliza naangalia nini. Nilisema siangalii kitu.

Halafu gari la kliniki ya kanisa likapasuka bloku ya injini. Giaboksi yake nayo unaikumbuka, ililia hata ulipokuwa hai. Wagonjwa wakaanza kubebwa kwa mikokoteni ya punda kutoka Kathonzweni. Mchungaji akaja kwa bibi yako Nduku kuomba injini ya gari lako, na mimi nikaitwa. Nduku alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Ikioza hapo itanisaidia nini? Wachukue," alisema. "Lakini ataifungua Kioko. Sitaki mkono mwingine uingie humo."

Nilienda kuchukua spana.

Nilipolegeza sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kabla ya oili ulitoka mchanga. Mchanga wa mto ule, mweupe, laini, ukamwagika ndani ya karai bila kuisha. Nilikaa chini, Mutisya. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Fimbo moja ya pistoni ilikuwa imepinda, maana injini ilimeza maji ikiwa bado inazunguka. Haikukuacha. Ilizunguka na wewe mpaka mwisho.

Siku zile zote nilifanya kazi na wewe. Sijui niliseme vipi jambo hili ili lisionekane la wazimu. Nilisikia mluzi wako, ule wimbo wa kanisani uliokuwa unaupiga nusu na kuuacha, na kila ulipokatika nilingoja umalizie. Siku moja nikiwa nimeinama juu ya hedi ya injini, nilinyoosha mkono nyuma kama ilivyokuwa desturi yetu nikasema, "Ya nusu inchi." Mkono ukabaki hewani. Nikakumbuka. Nilipogeuka, spana ya nusu inchi ilikuwa juu ya madigadi, karibu na kiwiko changu. Labda niliiweka mwenyewe. Sikuiuliza. Niliichukua nikaendelea.

Nati zikikataa nilitaka kushika nyundo, na hapo nilikusikia kabisa, na ile sauti yako ya kunichoka: "Usilazimishe, Kioko. Ukiona unatumia nguvu, kuna mahali hujafungua."

Sasa nikwambie la giaboksi. Kwanza ujue walivyosema watu baada ya wewe kufa, kwa sababu marehemu hasemewi usoni. Walisema uliingia mtoni kwa majivuno. Kwamba ulimwacha yule mama mwenye uchungu wa kuzaa, uliyekuwa unampeleka kujifungua, pamoja na mama mkwe wake ukingoni, ukasema unapima maji, ukayafukuza maji yale kama mtu anayeshindana. Mama mkwe aliona gari katikati, kisha akaona maji mekundu yakija kutoka juu na miti ndani yake, basi. (Yule mama alijifungua hapohapo ukingoni, akizingirwa na leso za wanawake. Mtoto yuko. Ni msichana, ana sauti kubwa.) Maneno hayo yalisemwa hata kwenye matanga yako. Mama yako aliyasikia akiwa amekaa kwenye mkeka. Alijifunika uso, na tangu siku hiyo hakukutaja tena jina. Mimi pia nilikukasirikia. Nilichimba kaburi lako kwa hasira.

Fimbo ya gia ilivunjwa na gogo, kwa hiyo hakuna aliyejua ulikuwa gia gani. Na trekta ilipokuvuta, magurudumu yalikataa kuzunguka. Sote tulidhani ni mchanga umeyabana.

Nilifungua kifuniko cha giaboksi asubuhi, jua likiwa limeingia vizuri. Nikatoa matope kwa kidole. Kule nyuma ulikuwa umeweka ile gia nzito ya matopeni, inayokokota magurudumu yote manne. Hivyo ndivyo anavyoingia mtoni mtu mwangalifu. Halafu nikasafisha mbele. Nikaangalia. Nikafuta tena kwa kitambaa, nikaangalia tena.

Ilikuwa rivasi. Imeingia yote, mpaka mwisho.

Ulikuwa umeona. Ulikuwa unarudi.

Niliita jina lako kwa sauti. Mwenye duka la jirani alikuja mbio akidhani nimeumia mkono.

Mengine yalikuwa kazi tu. Krankshafti ilienda Machakos kukwanguliwa, fimbo mpya ya pistoni, ringi na bushi zikaja na basi kutoka Nairobi. Pampu yako ya dizeli niliiosha nikairudisha, na gia zako pia, zilikuwa bado na meno mazuri. Wanaume wa sokoni walikuja kuvuta mnyororo wa chenibloku, tukaiteremsha injini ndani ya gari la kanisa, giaboksi ikakataa kukaa, na sikulazimisha. Nilikuta waya umejibana. Nikautoa, ikaingia.

Ilipowaka ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Mara ya pili ikashika. Sauti ilikuwa yako. Ule mlio wa pampu, mwembamba, na tikitiki ya upande wa kushoto ambayo hatukuwahi kuimaliza. Hakuna mtu aliyeshangilia. Mmoja wao alivua kofia.

Nilihitaji mlima wa kuijaribu, na mlima tulio nao ni ule wa kwenu. Nikapanda. Kwenye gia ya pili ikaanza ule mluzi wake, na nilipofika kwenye kona ya mikatani nikamwona mama yako anakimbia. Mutisya, mama yule na magoti yale, anakimbia, ana mwiko wa kupikia muthokoi mkononi, anakuja barabarani, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Akafika dirishani. Akaniona ni mimi.

Nilizima gari. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Mwaitu," nilimwambia, kwa maana ni mama yangu pia, "kuna kitu nilikuta ndani." Nikamwelezea pale pale, juu ya gia, nikimwonyesha kwa mkono: hii ni ya kwenda mbele, hii ni ya kurudi. Yake ilikuwa hii.

Alishika mlango wa gari, mwiko bado mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi," alisema.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mutisya wangu alikuwa anarudi nyumbani."

Alilitaja jina lako. Kisha akalia, kilio kile ambacho hakukitoa siku ya maziko, na nikamwacha alie. Jumapili alisimama kanisani akaomba nafasi ya kusema. Alilieleza lile jambo la gia vizuri kuliko mimi. Yule mama mkwe wa pale ukingoni alivuka kanisa zima akaja kumshika mikono.

Lakini sitakudanganya kwamba mimi nimetulia. Gari lile linapita hapa na wagonjwa, na kila likipita nainuka. Jana liliacha njia, likaja polepole likasimama mbele ya gereji, na kwa muda mdogo sikutaka dereva ashuke. Nilitaka likae hivyo, linanguruma, mlango umefungwa.

Pumzika, ndugu yangu. Nduku nitamlimia shamba mvua ikianza, na watoto wako hawatakosa mtu wa kuwaambia baba yao alikuwa dereva wa namna gani. Hilo nitalisema mbele ya yeyote, kwa sauti, mpaka na mimi nizimike.

Nenda salama.

Wako,
Kioko