Sinia la Samaki Wawili na Alama Niliyoikwangua

Shangazi Sundus mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na siku tano tu mkononi, kwa sababu Jumamosi Bi Hajara wa Kibuli anakuja kwetu Mbuya kuutazama ukuta wangu, na katikati ya ukuta huo kuna sinia ambalo sasa najua ni lake, na aliyelaumiwa lilipopotea ni mama yangu. Tafadhali ukiichapa gazetini jina langu usiliandike, na ya wengine uyabadilishe.

Nina miaka kumi na sita na mimi si msemaji, wageni wakija nyumbani najificha jikoni, na shuleni wananiita Kiziwi ingawa nasikia kila kitu, lakini nikisimama mbele ya vitu vya zamani pale soko la Owino ulimi unafunguka, nauliza hiki kilitumikaje, hiki kilikuwa cha nani. Nikipata kitu nakibeba nyumbani, nakisafisha, nakitundika ukutani sebuleni. Nina pasi ya mkaa, redio ya mbao ambayo haisemi tena, saa ya kukaza kwa ufunguo, chupa ya chai yenye maua ya waridi na vikombe vitatu vya enameli vilivyobanduka midomo. Mama mwanzoni alisema, "Hii nyumba imekuwa duka ya Owino?" lakini baba, ambaye ni askari na hana maneno mengi, alisimama mbele ya ile pasi kofia ikiwa mkononi, akasema, "Mama yangu alikuwa na hii," kisha akaenda kunitafutia misumari. Shangazi, sijawahi kujivunia kitu kama siku ile.

Sasa hilo sinia. Ni jeupe, ukingo wa buluu, katikati samaki wawili wekundu wanafukuzana, na jua la saa kumi likiingia dirishani wanaonekana kama wanaogelea. Nililinunua mwezi wa pili kwa Mzee Tajudin anayeuza vyombo vikuukuu, akaniambia, "Hili lilikuja ndani ya gunia la vyombo vya mpishi wa shughuli aliyeacha kazi. Chukua binti, wewe unajua kutunza." Chini yake palikuwa na rangi ya kijani iliyokauka, nukta mbili na mstari, nikafikiri ni uchafu wa fundi rangi, basi nikiwa bombani hata kabla sijaingia nyumbani nikaikwangua kwa wembe, nikasugua kwa majivu, likatakata.

Mama alipoliona aliuliza tu, "Hiyo sinia umetoa wapi?" Nikasema Owino. Siku moja nilirudi shule nikamkuta amelishusha, ameligeuza, anapitisha kidole chini yake polepole, kisha akalitundika tena. Nilidhani anatafuta vumbi.

Nikiwa na miaka kumi na miwili tuliishi Kibuli, jirani na Bi Hajara, na baba aliporudi kutoka kazi ya nje ya nchi mama alifanya karamu, akaazima masinia sita kwa Bi Hajara na akamwita mpishi wa shughuli. Yalirudi matano. Bi Hajara hakumwita mama mwizi, alisimama mlangoni akasema, "Sinia halina miguu, Rosalba," na tangu siku hiyo hawajasemezana, na mama haazimi hata sindano kwa mtu. Mimi nilijua ugomvi, sikujua sura ya sinia.

Mwezi uliopita Firdaus, mjukuu wa Bi Hajara ambaye tunasoma darasa moja, alinialika kwao Idi. Mama alinikubalia, akasema ugomvi wa wakubwa watoto hawaurithi, hata akanipa ndizi za kupeleka ila nisiseme zimetoka kwake. Baada ya chakula nikasaidia kuosha vyombo. Nikageuza sinia, samaki wawili. Chini yake nukta mbili na mstari, kijani. Nikageuza la pili, vilevile. Bi Hajara akaniona nimeganda akasema, "Unayapenda? Yalikuwa sita, mama yangu alinipa nilipoolewa. La sita limekwenda hija, halijarudi." Wanawake wote wakacheka, mimi nikainamia povu.

Basi Firdaus naye bila kujua akadakia, "Bibi, huyu mnyamavu ukiona ukuta wake wa vitu vya kale hutaamini!" Na Bi Hajara akanishika kidevu kwa mkono wenye maji, akasema, "Anayetunza vya wazee ni mwanangu. Nitakuja niuone. Mama yako akitaka kunifungia mlango, anifungie." Juzi ametuma salamu: ni Jumamosi hii, saa ya chai.

Shangazi, alama sina. Akiliona limekwanguliwa atasema Rosalba alilificha miaka minne na akafuta ushahidi. Nimeshaomba rangi ya kijani kidogo kwa fundi wa mageti, nimejaribu kwenye karatasi, nukta mbili na mstari zinatoka sawasawa kabisa. Au nilifiche chini ya kitanda? Na ukweli wenyewe naona aibu kuuandika: sitaki kulitoa. Nimelipenda. Nifanye nini?

Mwenye Ukuta, Mbuya

*

Binti yangu wa Mbuya,

Haki yako kwanza. Una jicho, na baba askari hatafuti misumari kwa ajili ya takataka. Wengi wetu tulitupa pasi za mama zetu tukanunua za plastiki, leo watoto wetu hawajui bibi yao alinyoosha kanzu kwa kitu gani. Endelea.

Sasa nikukemee. Nani alikufundisha kukwangua kitu cha kale kabla ya kuuliza? Unamuuliza Mzee Tajudin pasi ilitumikaje, lakini rangi iliyopakwa kwa mkono, nukta mbili na mstari, unaiita uchafu! Kila nyumba inayoazimana vyombo ina alama yake chini ya sinia na sufuria, maana karamu ikiisha, vyombo mia vimelowa kwenye majani na kila mtu amechoka, alama ndiyo inayorudisha kila kimoja kwao. Wewe ulikwangua njia ya kurudi nyumbani.

Hiyo rangi ya kijani mrudishie fundi leo. Leo, nimesema. Alama ukiipaka wewe ni uongo, hata ikikaa palepale ilipokuwa. Na Bi Hajara, aliyepindua masinia yale tangu alipoolewa, rangi mbichi hataijua? Hapo mama yako ataitwa mwizi mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa mwanawe. Kulificha chini ya kitanda nako ni kumalizia kazi ya wembe.

Kuhusu mama yako: eti vumbi! Mtoto wewe. Mama yako aliligeuza sinia lile akitafuta jina lake jema. Alitafuta nukta mbili na mstari, ili aende Kibuli kichwa juu aseme, limeonekana. Akakuta pamesafishwa. Angeweza kukuambia ulitoe, liache kumchoma macho kila anapopita sebuleni. Akalitundika tena, kwa sababu wewe umelipenda. Unaona sasa anayejua kutunza ni nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hajawasha jiko, kaa naye umwambie yote, na wembe pia. Atalia au atafoka, mwache. Kesho nendeni wote kwa Mzee Tajudin mkamuulize mpishi yule ni nani. Ikiwa ndiye aliyepika karamu yenu, mmejua sinia lilipita wapi, lakini msimgeuze yeye kuwa mwizi mpya. Vyombo vya shughuli huchanganyika, na gunia halina macho.

Jumamosi usiingoje. Mgeni asikutane na mali yake kwenye msumari wa mtu. Ijumaa alasiri nendeni Kibuli, mama yako alibebe sinia kwa mikono yake kwa kuwa ndiye aliyeliazima, na wewe Kiziwi ndiye utakayesema. Maneno hayazidi pumzi moja: "Bibi, nililinunua Owino, nikakwangua alama yako kwa ujinga kabla mama hajaliona." Kisha nyamaza, hiyo kazi unaiweza. Alama aipake mwenyewe. Asipoamini, mtakuwa mmerudisha cha watu, na linalobaki ni lake na Mola wake. Ila mwanamke anayesema "akitaka kunifungia mlango, anifungie" ameshachoka na ugomvi huu, niamini mimi.

Jumamosi bado aje kunywa chai. Msumari wa katikati uache mtupu, usiuzibe kwa saa wala kikombe, auone.

Mimi nakuacha hapa. Nilipomaliza barua yako niliingia jikoni nikapindua sufuria zangu moja moja, na ile kubwa ya pilau ina herufi nyekundu ambayo si yangu. Naenda kuuliza ni ya nani.

Shangazi Sundus