Miji Mitatu Uliyoichagua, Harbans

Harbans dada yangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe hukumpenda mtu wa kuzunguka. Ukiniona navuta maneno, ulisimamisha cherehani ukasema, "Shirin, sema." Haya, nasema. Ni wiki saba tangu moyo ukuangushe jikoni kwako, na badala ya kukulilia kama watu wanavyowalilia wenzao, nakwenda huku na huku ndani ya nyumba nikigombana nawe, mpaka mume wangu anachungulia mlangoni kuuliza nazungumza na nani.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Wewe una Kipunjabi chako, mimi nina Kikachi changu, na Kiingereza tulimwachia msimamizi wa kiwanda. Miaka ishirini na minne nimekicheka Kiswahili chako cha Nairobi, nikijitia Mzanzibari wa kweli, na sasa hakuna tena wa kuniita "wewe, kuja hapa" nikajifanya sijasikia.

Nikupe habari. Cherehani yako amepewa mama mmoja mgeni. Mtu mzuri tu, ila anashona mapazia kama anayekimbizwa, na saa nne hasimami kunywa chai. Mumeo anajipikia dengu na kuziunguza kila siku, na nikimpelekea chakula anasema ameshakula. Manjit amerudi kulala chumba chake cha zamani ili baba yake asibaki peke yake. Na tiketi zetu mbili zimo kwenye droo yangu ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo: Brussels, Zurich, Vienna, siku nne kila mji, kwenda na kurudi. Tunaondoka Jumanne ijayo. Unaona? Bado nasema tunaondoka.

Yule mama wa wakala wa safari, baada ya kunipa pole, aliniambia kwamba kwa sababu ya msiba ananipa nafasi mpaka Ijumaa. Naweza kuandika jina la mtu mwingine badala ya lako, au nikaiacha kabisa miji yako nikachukua Paris na Roma. Kosa langu ni kulitaja hilo mbele za watu. Kila aliyewahi kupanda ndege hapa Queensbury, London, akawa mwalimu wangu.

Bwana Chandu wa duka la viungo, unamjua, aliyepanda basi la watalii akaona miji kumi na mmoja kwa siku tisa, akarudi na rundo la picha asizojua ipi ni ya wapi. Huyo ndiye ananifundisha kusafiri. Ananipimia manjano huku akiniambia nibebe mchele, nibebe achari, nibebe birika la umeme, na nisipoteze muda Brussels. Bi Zuhura wa Pemba, pale meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Mwenzangu, huko Brussels wafata nini? Mvua? Mvua si hii hapa." Na wifi yangu wa Paris, yule aliyetokea Madagaska, akapiga simu mwenyewe kuniarifu kwamba nikilala hotelini naye yuko hai na nyumba anayo, basi nimemtemea mate usoni, na kwamba nikija nimletee pilipili, majani ya chai na vitambaa vya nguo za watu wanne.

Nikueleze ukweli, dada. Nilikuwa nao upande mmoja. Nilikuwa nangoja tu Ijumaa ifike nikabadilishe.

Kwa sababu nani alinielewesha ile safari yako? Tuliianza nyuma ya karatasi ya vipimo vya mapazia, saa ya chai, na masharti uliyatoa wewe yote. Tusiamshwe na saa. Tukichoka tukae. Tukiipenda barabara moja, kesho yake turudi barabara hiyohiyo. Tusilale kwa ndugu wa mtu, maana kwa ndugu utapikiwa, utapangiwa, utapelekwa kumwamkia mgonjwa. "Tutembee pole pole," ulisema, "bila mtu kutuambia simama hapa, kaa pale." Hayo niliyapenda. Sijawahi maishani kuamka nisiwe na kazi ya mtu mwingine.

Tuligombana kwa miji. Miaka mitatu nakuambia Paris, unaniambia Brussels. Nakuambia Roma, unaniambia Vienna. Nikikuuliza kuna nini huko, unainama kutunga uzi na kujibu, "Nataka kuona mji wenyewe." Mji wenyewe una nini? "Sijui, ndiyo nataka kuona." Nilikuita kichwa kigumu. Nilikwambia kichwa chako kimejengwa na wale waliojenga reli. Ulicheka, hukubadilisha neno.

Na kila mwaka tukikaribia, unaahirisha. Mara harusi ya mpwa, mara mumeo ana mafua, mara theluji itakuja, na huo ni mwezi wa tano. Mimi nikisema ndani ya moyo wangu, huyu mwanamke hataki kusafiri, anataka kuzungumza habari za kusafiri.

Tena ukawa na ushauri ambao sikujua unautoa wapi. Zurich tusinunue chai uwanja wa ndege, inakuja kwenye kikombe cha karatasi na haina ladha. Brussels tuwe na sarafu ndogo tayari, yule mama wa chooni hana huruma. Vienna benchi zina vyuma katikati, mtu hawezi kujinyoosha. Nikakuuliza nani kakwambia haya yote. "Wasafiri wenzangu," ukasema. Nikadhani ni watu wa gurudwara, hekalu lenu.

Halafu Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji. Uliniomba nikusindikize ule mwaka wa kufanya makaratasi ya pasipoti mpya. Tukapanda treni mbili, tukakaa kwenye viti vile vya safu hadi ukaitwa dirishani, na yule karani akakueleza vizuri kwamba kila kitu kiko sawa. Wewe ukamuuliza, "And I can come back?" Akasema ndiyo. Ukamuuliza tena. Ndiyo, madam. Ukamuuliza mara ya tatu, ukamwomba akuandikie kwenye karatasi, na nyuma yetu foleni inakohoa. Niliona haya. Nilikuvuta mkono nikasema, "Twende bwana, ameshasema." Mkono wako ulikuwa baridi, nami nikaulaumu mlango uliokuwa wazi.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili. Manjit aliniomba nimsaidie kupanga nguo zako, maana baba yake hawezi kuingia chumba kile. Tukatoa shali, tukatoa suruali zako za salwar, zote za kahawia, nikakulaumu tena kwa kupenda rangi ile. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na pasipoti yako ya kwanza, iliyokatwa pembe. Nikaifungua nicheke picha. Ukurasa baada ya ukurasa nikakuta mihuri, na mihuri mingine imepigwa mistari miwili juu yake. London, mistari. Zurich. London tena, mistari. Brussels. Vienna. Tarehe zote zimebanana ndani ya siku kumi na moja.

Manjit akaniangalia. "Aunty, Mum never told you?"

Mumeo ndiye aliyenisimulia, amesimama mlangoni bila kuingia. Kibali cha kazi Nairobi kimekwisha, pasipoti mnayo ya Uingereza, ila ni ile ya Mwingereza asiyeruhusiwa kuingia Uingereza bila vocha, ile ruhusa inayotolewa kwa zamu, na vocha hamna. Mkaamua kupanda ndege hivyohivyo. Mkafika London, mkarudishwa ndani ya ndege ileile. Zurich hawakuwataka, wakawarudisha London. London wakawasukuma Brussels, Brussels wakawasukuma Vienna. Siku kumi na moja mnarushwa angani na mtoto wa miezi saba, mnalala viwanjani pamoja na Wahindi wengine waliofukuzwa kama nyinyi. Mlifundishana uwanja upi una choo cha maji moto na benchi ipi haina upepo. Nepi za Manjit ulizifua kwenye beseni la kunawia mikono ukazianika mgongoni mwa kiti. Nyuma ya kioo uliona taa za mji na mabasi yanapita, na mlango wa kutokea ulikuwa na mtu amesimama. Mwisho mkarudishwa London, wakawaweka ndani siku chache, wakawaachia mkae.

Nilikaa juu ya kitanda chako na salwar mapajani. Manjit akanishika bega, akauliza kwa sauti ndogo, "Can I come with you, Aunty?" Nikamjibu tutaona. Nilikuwa nimejaa hasira. Si hasira ya London, hiyo nimeizoea. Ni yako wewe. Kwa nini hukuniambia? Mimba yangu iliyotoka ulijua wewe kabla ya mama yangu. Mume wangu alipokosa kazi ulijua kabla sijavua koti. Siri zangu zote ulikuwa nazo, na wewe umekaa ubavuni kwangu miaka ishirini na minne na jambo hili umelifunga sandukuni. Niliona umenifanya mtu baki.

Jumatatu nikaenda kazini na hasira yangu. Saa nne nikazima cherehani, nikatazama kiti chako. Ndipo nikakumbuka.

Ulikuwa mwezi wako wa kwanza pale. Hatukuwa hata tumezoeana. Redio ya kiwandani ilitangaza kwamba Wahindi wengine kutoka Afrika Mashariki wamerudishwa uwanjani, wanarushwa kutoka nchi hii hadi ile. Nami nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, nikijua ni wewe tu utakayenielewa. Nilisema, "Wacha warudishwe. Wangengoja zamu yao kama sisi. Watu hawa kazi yao kuruka foleni, kisha wanatuharibia jina."

Nilisema hivyo, Harbans. Naliona neno kwa neno. Mimi nilingoja vocha Dar es Salaam miaka miwili na miezi mitatu, na baba yangu alikufa akingoja, na uchungu ule niliutafutia mtu wa kumtupia. Nikakutupia wewe. Uliinama ukatunga uzi. Kisha ulifungua karatasi yako ya chakula ukakata paratha katikati, ukanipa nusu.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mimi nauliza, na masikio yangu yalikuwa na nini? Miaka yote ile unanitajia benchi na vikombe vya karatasi, labda ulikuwa unanijaribu kama nimekuwa mtu wa kuambiwa. Nami nikakujibu Paris. Na bado, kati ya watu wote wa Queensbury, ulinichagua mimi wa kutoka nawe kwenye ile milango. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, na sina wa kumuuliza kwa nini.

Leo Ijumaa nimekwenda kwa wakala. Sikubadilisha kitu isipokuwa jina moja, nimemwandika Manjit. Bwana Chandu nimemwambia birika lake akalichemshie mwenyewe, na kwa wifi yangu nimepiga simu nikasema siji Paris, na vitambaa vyake nitavituma kwa posta. Amekasirika. Akasirike.

Siku ya kukuchoma, kama dini yenu inavyotaka, nilisimama nyuma na kusoma Fatiha, kwa kuwa sijui maneno mengine ya kumsindikiza mtu. Natumaini haikukuudhi. Mola akulaze pema, dada yangu, pahali pasipo mtu wa kukusimamisha mlangoni. Nakuahidi tutakwenda pole pole kwa masharti yako yote, na Zurich na Brussels na Vienna tutaitembea kwa miguu mpaka tujue wanauza wapi mkate. Lakini nakuahidi na jingine, na hili ni gumu kuliko safari. Manjit alikuwa mgongoni mwako siku zile kumi na moja. Ana haki ya kujua yule anayekaa naye kiti kimoja alisema nini juu yake alipokuwa hajajua kutambaa. Akikataa kwenda nami, nitakwenda peke yangu, na sitamlaumu.

Kwaheri, Harbans. Anakuja kesho akitoka kazini kuchukua tiketi yake. Nitamwambia kwanza, ndipo nifungue droo.

Wako,
Shirin