Kalanga za Upande wa Rabia

Mercredi, 7 février
Nimekasirika sana. Kalanga zetu za shamba ya kule Luano — madoa meusi ku majani ya chini! Ni ule ugonjwa wa mwaka jana. Nilisema tusirudilie kupanda palepale, mabaki ya zamani iko mu udongo. Faustin, bwana yangu, alisema nisimusumbue. Basi, aone!
Upande mumoja tu iko muzuri: wa mbegu ya Rabia, rafiki yangu wa soko. Aliitoa Mokambo, kule ku mupaka, akanigawia. Inakawia kuiva, lakini ugonjwa hauiwezi sana.

Samedi, 10 février
Lucien, mudogo wa Faustin, amekuja na pompe ya dawa. Saa sita! Upepo unavuma. Anatembea mbio kama muntu anafukuzwa, dawa inaenda juu juu tu, ingine inamurudilia ku macho. Nikamuambia: inama, madoa iko chini. Akacheka: «Yaya Deborah, dada yangu, ulisomea wapi agronomie ya mashamba?»
Mvua ikanyesha mbele tufike nyumbani Hewa Bora. Dawa yote — mu matope.
Faustin? Anakula.

Mardi, 13 février
Nimepulizia miye mwenyewe. Asubuhi, upepo haujaanza. Kitambaa ku pua, mudomo wa pompe chini ya majani, mustari kwa mustari. Mugongo unawaka. Bantu ba shamba ya pembeni balisimama kuangalia: bibi anabeba pompe, bwana iko wapi? Bamuulize!

Jeudi, 29 février
Nimerudilia dawa. Majani mapya iko safi kidogo. Ya zamani yameanguka. Tulichelewa. Sababu ya Lucien!

Mardi, 19 mars
Mama Virginie, mama-mukwe, amesema ku meza: kalanga zimeacha majani, basi zimeiva, tung'oe zote. Samedi ni karamu ya mahari ya Lucien, bageni batakula nini? Nikasema: majani yaliangushwa na ugonjwa! Na upande wa Rabia haujaiva hata, ile njo mbegu ya mwaka kesho. Akanijibu: «Mwanangu, mbegu haikaribishake bageni.»
Faustin: heshimu mama. Heshima! Na mahari ni ya nani? Ya Lucien!! Nilitoka na sahani yangu, nikakula nje.

Vendredi, 22 mars
Naandika hapa shambani. Nimeikala katikati ya kalanga za Rabia.
Upande wa mbegu yetu bameng'oa. Vikonyo vimeoza, nusu ya kalanga zimebakia mu udongo. Hazijazi beseni. Sasa banataka huku.
Mama Virginie amesimama mbele yangu na jembe. «Deborah, simama.» Nikasema: Mama, nakuheshimu, lakini hapana. Lucien anaangalia viatu yake. Faustin amefika, amezima moto, pikipiki yake, anakuja polepole. Mama anapiga kelele: angalia bibi yako!
Nusu, Faustin anasema. Tung'oe nusu tu, amani irudi.
Nusu! Zikiwa mbichi hivi?
Mama anasema zote. Bote banangojea miye. Sijasimama.