Ukurasa Ambao Sikuujaribu

Dada, uko? Nimefanya jambo baya.

Zile kurasa za msaada ninazowaandikia watengeneza programu, zinazofunguka kwenye kivinjari? Ukurasa wa kufuta nakala ya majaribio sikuujaribu. Hata mara moja!

Leo mama mmoja mgeni hapa kazini kaufuata neno kwa neno, kafuta mradi wenyewe. Kazi ya wiki tatu!

Bosi akamfokea mbele yetu, "Hujui kusoma?" Akajibu, "Samahani, nimekosea." Mimi nikaurekebisha ukurasa chapuchapu, mtu asijue kosa ni langu.

Halafu yule mama akaja mezani kwangu, macho mekundu. "Maelezo yako mazuri, dada. Tatizo ni mimi."

Nikaenda kwa bosi, nikasema yote. Bosi kanisamehe.

Yule mama, aliyesikia yote, hajanitazama tena.