Mtaa Uliogeuka Kijivu

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa zangu watundu. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitayasema mbele. Jicho la Mama linaendeleaje tangu lifunguliwe bandeji? Nimesikia ameshaanza kulalamika kwamba sebule yako ina vumbi. Basi huyo kapona, anachongoja ni jicho la pili tu.

Kabla hujaendelea, nakuomba barua hii uisome peke yako. Najua kwako barua husomwa kwa sauti, na najua Mama hata akisinzia masikio yake hayalali. Ndiyo maana sikupiga simu. Kila nikipiga unaweka spika, naye anadakia kuuliza lini anarudi kwake, nami nabaki na ngojeni kwanza, ngojeni kwanza, mpaka najichukia. Uliniambia amekwisha kufunga mzigo wake na ameukalia. Mwambie aufungue.

Unajua kazi yangu ni ramani, ingawa shemeji hupenda kuwaambia watu kwamba halmashauri inanilipa kwa kupaka rangi. Hajakosea sana. Chumba chetu kiko ghorofa ya juu, mapazia yake mazito hayafunguliwi ili skrini zionekane vizuri, na mkuu wetu ni yule mama tunayemwita Mama Skeli, kwa sababu hajibu swali kabla hajauliza skeli, ule uwiano wa ramani na ardhi. Ukimuuliza kama atakunywa chai, atataka kujua kikombe kina ukubwa gani. Humo kwenye kompyuta mji mzima umetandikwa tabaka juu ya tabaka kama mashuka kitandani: mapaa ya nyumba, mabomba, nguzo za umeme, mitaro, barabara.

Zamani kila idara ilikuwa na ramani yake na iliifungia kabatini. Watu wa maji walichimba barabara leo, wa umeme wakaichimba tena kesho, na wa mitaro wakaja kuwacheka wote kisha nao wakachimba. Ndipo tukakubaliana tuwe na ramani moja, kila mmoja atie anachokijua na achukue anachokihitaji. Sikufichi, Dada, nilijivuna. Gari la wagonjwa liliacha kupotea vichochoroni. Bomba likipasuka, tulijua pa kufunga maji kabla hayajaingia nyumbani mwa watu. Umoja ni nguvu, tulisema, tukapigwa na picha.

Halafu likaja jambo la rangi. Nyumba yenye watu ionekane kijani, isiyo na watu kijivu. Hakuna anayekwenda kupiga hodi. Kompyuta inatazama kama mita ya maji inazunguka na kama gari la taka limebeba chochote mlangoni. Visipoonekana kwa muda, nyumba inageuka kijivu yenyewe. Mtaani kwetu ya kwanza kugeuka ilikuwa ya Mama, baada ya wewe kuja kumchukua. Nilicheka kabisa. Nikawaambia wenzangu kwamba hata mashine imejua mwenye kaya hayupo.

Kicheko hicho kimenitokea puani. Nyumba ya Mama, pamoja na ile ya pembeni iliyokuwa ikingoja wapangaji, zilitosha kuufanya mtaa wetu mfupi uonekane kama umehamwa. Dereva wa gari la taka hupangiwa njia na ramani hiyohiyo, kwa hiyo tuliwekwa mwisho, kisha tukaachwa. Taa ya kona ikaungua na mafundi hawakuja, kwa kuwa waliambiwa waanze penye watu. Familia ya yule mwalimu mwenye mapacha ilivumilia, ikachoka. Mama watoto alisema hawezi kuwapitisha wanawe gizani juu ya uchafu. Wakahama. Nyumba yao nayo ikawa kijivu, na safari hii kwa haki. Ramani ilisema hakuna watu, na watu wakaondoka.

Fundi Cherehani hakuondoka. Unamjua rafiki wa Mama, huyo ng'ambo ya barabara anayetunza funguo zake. Taka zake anazichoma uani kwa kuwa gari haliji, na maji anakinga ya mvua kwenye pipa, kwa kuwa ya bomba anasema yanakausha ngozi. Siku moja nikamwona kwenye skrini amegeuka kijivu, naye asubuhi ileile nilikuwa nimempitia nikienda kazini, nikamwacha barazani akishona sare za shule na kuwasema watu. Nilipomweleza alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Alinituma nimwambie huyo kompyuta aje apimwe suruali, ndipo tutajua nani yupo na nani hayupo.

Nikaingia kwenye ramani nikamrudisha kijani kwa mkono wangu. Asubuhi yake alikuwa kijivu. Nikamrudisha tena, ikawa vilevile. Nikaenda idara ya maji. Walisema wao walipokea hivyo kutoka kwa watu wa taka. Watu wa taka wakasema wao huchukua kwa watu wa umeme. Wa umeme walinionea huruma, wakanionyesha kwamba wao walipokea kutoka ofisini kwetu. Kila idara ina nakala yake, na usiku nakala zote hulinganishwa. Penye tofauti, rangi iliyo kwenye nakala nyingi ndiyo inayoshinda. Mimi nilikuwa mmoja. Kosa lilikwisha kuenea kote, na marekebisho yangu hayakuwa na wa kuyapokea.

Nilimpelekea Mama Skeli. Kwa mara ya kwanza hakuuliza skeli. Alifunga mlango, akanionyesha mchoro wa wahandisi wa barabara mpya. Walipewa ramani yetu wakaombwa wachague njia isiyomuumiza mtu yeyote, nao, watu waungwana, wakafuata kijivu. Mstari unapita juu ya paa la Mama na la Fundi. Wachache wa kijani ambao mstari unawagusa wamekwisha kupewa taarifa ya kuhama. Wa kijivu hawakupewa, kwa kuwa hakuna wa kumpa. Mashine za kubomoa zitaingia mvua zikikatika. Nilimuuliza tufanye nini, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwe mtu wa kujitokeza sana siku hizi. Dada, niliogopa kuliko kama angenifokea.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu. Nimeacha chumba changu cha kupanga na nimehamia kwa Mama. Barua hii naiandikia mezani kwake, kwenye kile kitambaa chake cha vishada. Nilijua kubishana hakusaidii, nikaamua nyumba ipate mtu wa kweli. Nafungua bomba, naweka taka mlangoni hata kama hazibebwi, na kazini nikabadilisha anwani yangu iwe hapa. Nilidhani mtumishi wa halmashauri akiandikwa humu, nyumba itageuka kijani.

Nyumba haikugeuka. Nimegeuka mimi. Jumatatu kadi yangu ilikataa getini. Mlinzi, yule ninayemtania kila siku kwa timu yake inayofungwa, alitazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini. Akaniambia kwa upole kwamba inaonekana sipo. Nilicheka nikimngoja naye acheke. Hakucheka. Aliniandika mgeni. Nikakimbilia idara ya utumishi ili wanirudishie anwani ya zamani, wakasema kile chumba kimekwisha kuwa na mtu mwingine. Tangu juzi hata kama mgeni sipokelewi.

Kwa hiyo nakusihi, Dada, kwa jina la baba yetu: klinikini wakikuuliza Mama anaishi wapi, taja kwako. Usiitaje nyumba hii, hata akikukatalia, hata akilia. Halmashauri yenu nayo imejiunga na ramani hii. Mimi mwenyewe niliwatumia, na waliniandikia asante. Akiandikwa huku, jicho la pili atalisahau, na mengine sitaki kuyafikiri.

Mimi siondoki. Tumebaki wawili mtaani, mimi na Fundi, na kila asubuhi yeye huniita toka barazani kwake, upo? Nami najibu nipo, naye huanza kushona. Zamani ilikuwa salamu tu. Siku hizi nikichelewa kujibu, anavuka barabara.

Usinijibu kwa barua, mtu wa posta haingii huku tena. Hii nitaipeleka mwenyewe hadi stendi. Njoo wewe, na uje na watu wanaotufahamu kwa sura, wengi kadiri uwezavyo, kabla mvua hazijakatika. Nisalimie shemeji, wapwa zangu wabusu, na Mama mwambie maua yake namwagilia. Leo mvua haijanyesha, na kwa mbali nasikia ngurumo isiyokuwa ya radi. Fundi ananiita. Ngoja nimjibu.

Nipo,
Mdogo wako, Kitindamimba